Turubai la Mwisho

Mvua iliwasukumia wote ndani ya duka la vifaa vya ujenzi, na watu wawili wakajikuta wameshika turubai moja, lililobaki peke yake kwenye rafu.

"Achia, kaka. Bati letu linavuja juu ya cherehani," alisema mshonaji, gauni lake la njano limemganda magotini.

"Na mimi nina ukuta mbichi, dada."

"Kwani ukuta nao unashikwa na mafua?"

Mwashi akacheka, akaachia. Kicheko kile ndicho kilichomponza.

Tangu hapo simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?" mshonaji aliuliza.

"Nile nini, na sauti yako imenishibisha?"

"Muongo mkubwa! Kale."

Chumba ambacho mwashi alikuwa akijijengea baada ya kazi za watu kikawa chao wawili. Ukuta ukifika lenta, juu ya madirisha, aliahidi, wajomba zake watakwenda kuposa.

Lakini mvua haikukata, na maturubai hayakuonekana tena mjini. Alichojenga jioni, asubuhi alikikuta saruji imechuruzika kwenye viungo, matofali yameegemeana kama walevi. Akabomoa, akaanza upya. Amdai mpenzi wake turubai? Aliona haya. Haya zikamfanya hata simu asipokee.

"Ukuta gani huo usiokua?" mama alimwuliza mshonaji. "Mwanangu, huyo ana mwingine."

Jumamosi mchana mshonaji alihamishia cherehani kitandani kwa mama, akakunja turubai kwapani, akaenda kumrudishia mwenyewe, yaishe.

Alimkuta amejilaza kifudifudi juu ya ukuta wa kimo cha kiuno, koti lake amelitandaza, mikono ameipanua. Maji ya kijivu yalimpita katikati ya vidole.

"Chukua kitu cha..." Akayaona yale maji. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Nilikupa kwa mkono wangu."

"Mjinga wewe! Shika huko."

Wakalitandaza, kila mtu na upande wake, upepo ukiwanyang'anya. Tofali la juu likateleza, likatumbukia matopeni. La pili likafuata. Walilitazama tu, mikono yote ilikuwa kazini.

"Unaona? Haufiki lenta huu."

"Nani kakuuliza lenta? Walete wajomba."

"Hivi hivi? Watakaa wapi?"

"Kwetu. Ila kitandani kwa mama wasikae, kuna cherehani."

Mwashi akacheka huku analia. Mvua haikupungua hata kidogo. Nao hawakuachia.