Nyumba ya Mwahako Niliyoambiwa Ina Jini

Nina umri wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Mwera, Pangani, mtoto wa kwanza wa mama mjane. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikiandika ovyo mnisamehe. Sikushika kalamu kwa ufundi, wasomaji wenzangu... nimeishika kwa uchungu!

Huyu ninayemsema nitamwita Batuli. Si jina lake. Nalificha kwa heshima ya mama yake mzazi tu. Yeye mwenyewe angestahili niliandike kwa wino mwekundu ukutani, kila apitaye asome.

Mie ni mtu wa kucheka. Wanaonunua vitumbua vyangu hapa Makorora wananijua, wengine huja kwa maneno yangu kuliko kwa vitumbua. Huku navigeuza chumani, kichwani naota. Naota nyumba yenye varanda, mama kaketi, mguu juu ya kigoda, na wadogo zangu wawili wanatoka kwenda shule na sare zilizopigwa pasi. Kuna ubaya gani kuota?

Mama ana kisukari. Alipata kidonda mguuni kikawa hakifungi, na daktari akasema lazima kisafishwe hospitali kubwa ya mjini mara kwa mara, bila kukosa. Kutoka Mwera kila safari ilikuwa mateso. Nikasema basi, nawahamishia wote Tanga!

Mimi nilikuwa nalala kwa mama mdogo, Makorora, chumba kimejaa hadi mlangoni. Kuwaleta pale tungepangwa kama dagaa. Nikaanza kutafuta pembeni ya mji. Pongwe nikaona mbali kwa mgonjwa. Kange stendi, vumbi na honi. Sahare pazuri, lakini upepo wake ni wa wenye nazo.

Halafu nikafika Mwahako...

Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kishambaa, Mlutheri, mjane wa mtu aliyefanya kazi mashamba ya mkonge mpaka akastaafu na kujenga. Namwita Mama Neema. Alikuwa anapanda Lushoto kuishi na binti yake, na hakutaka mpangaji tajiri. Alitaka watu wa kufagia uwanja na kuwasha taa, nyumba isife. Bomba liko uani! Lami karibu! Hata gari za Pangani zinapita, ndugu wa Mwera wangeshuka na mihogo yao mlangoni.

"Kodi nitakuchukulia kama ya chumba," akaniambia. "Mlete mama aione, mwanangu. Nikishakubali nimekubali."

Nilirudi nacheka peke yangu barabarani. Na kosa langu likaanza hapo... Furaha haijakomaa, nikaipeleka kwa Batuli.

Batuli tulikua pamoja Mwera. Alitangulia mjini, akawa anasuka nywele, na mie nilipokuja ndiye aliyenionyesha njia. Siri yangu yote alikuwa nayo. Nikamweleza bomba, varanda, kodi, yote. Akaweka kitana chini.

"Ile yenye mlango wa buluu?"

"Hiyo hiyo! Waijua?"

"Shoga yangu, kaa kwanza. Ile nyumba ina mwenyewe."

"Si Mama Neema?"

"Mwenyewe wa chini, weye! Jini. Na halipendi mwenye kidonda. Kuna mama alipanga pale ana kidonda kama cha mama yako... alitolewa mle amelala jenezani."

Nikaamini. Mtaniuliza, kwa nini usimuulize Mama Neema mwenyewe? Nyie! Kwetu pwani unamwendeaje mtu mzima, mjane, amekukirimu chai, ukamwambia nyumba yako ina jini? Ni sawa na kumwambia analifuga. Niliona muhali. Muhali huo ndio ulionimaliza!

Nilipompigia mama simu ndiyo ikawa mwisho. Mama ujanani alikuwa na pepo, wakamsumbua sana, na mambo hayo anayaogopa kuliko simba. Akasema, "Mwanangu, nyumba ikishasemwa, imesemwa. Tafuta kwingine."

Batuli akajitolea. "Usione haya, nitakwenda mie kumwambia yule mama kwa adabu kuwa hamji." Nikamshukuru! Nikamfungia na vitumbua vya moto! Hivi mtu anakuchinja, nawe unamnolea kisu... kuna ujinga kama huo?

Akatutafutia na nyumba nyingine, bondeni, nje ya barabara ya Segera. Mtaa siutaji, wenyeji wake wasije wakanuna, hawana kosa. Tulihamia kiangazi. Uwanja mkavu, upepo mzuri, wadogo zangu wanakimbizana. Nikajiona mshindi.

Masika ikaingia.

Maji hayakuja kwa mlango, yaliota sakafuni. Njia ikawa tope la kufika magotini, bodaboda wakagoma kushuka. Siku ya kliniki mimi na mdogo wangu tulimbeba mama kwenye kiti, tukateleza, akaanguka na bandeji yake ndani ya maji yale machafu. Tukarudi. Safari iliyofuata hatukutoka kabisa. Na iliyofuata hivyo hivyo... Kidonda kikaanza kunuka. Mama akawa anajifunika kanga mguuni, anasema hajambo.

Tulipofanikiwa kumfikisha hospitali, daktari alikifunua, akakifunika tena. Nikajua.

Wakamkata mguu chini ya goti.

Nililia mpaka sauti ikaisha. Aliyekuwa akija wodini na chupa ya uji ni mama yake Batuli, nimwite Bi Tatu. Bibi wa watu mpole, alikuwa anamlisha mama kijiko kwa kijiko huku machozi yanamtoka. Batuli alikuja mara moja, akasimama mlangoni, akasema ana wateja.

Siku moja natoka kununua dawa, naitwa. Mama Neema! Ameshuka kutoka Lushoto kupimwa macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Binti, ulinidharau sana. Ungekuja mwenyewe ukaniambia mmepata pazuri zaidi, ningekasirika? Bahati yule mwenzio alikuwa na shida, nikampa funguo yeye na mama yake."

Kumbe ndiko walikohamia, na mie sikuwahi kuuliza uji ule unatoka jiko lipi! Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, lile nililoona muhali. Akacheka hadi akakohoa.

"Jini? Nimeishi pale tangu nyumba haina bati! Jini nililoliona ni paka wa jirani, anayeiba samaki. Na mpangaji kabla ya huyo mwenzio sijapata kuwa naye maishani mwangu!"

Wasomaji wenzangu, mliwahi kuhisi damu inachemka kama mafuta ya vitumbua? Nyumba ilikuwa mita chache kutoka lami! Mama angekwenda kliniki amekaa kwenye bajaji, anakula chungwa! Mguu ule... mguu ule Batuli aliubadilisha na bomba la uani!

Sikumpigia kelele. Nilimfuata saluni, nikatabasamu, nikamwambia nimesikia anakaa Mwahako. Hata hakuona haya.

"Aa, jini limeshatolewa, shoga. Alikuja shehe akalisomea."

"Ungeniambia."

"Mlikuwa mmeshahamia kwenu, nikaona nisiwasumbue. Lakini Ijumaa hii nina maulidi, nafungua nyumba. Uje mwaya, usikose."

"Mie nikose? Nitakuja wa mwanzo!"

Na nilikwenda. Nikajipaka wanja, nikavaa baibui langu zuri. Sebule imejaa akina mama wa mtaa na wateja wake, ubani unafuka, Batuli kapambwa, anazungusha marashi kama bibi harusi. Nikatazama dirishani, nikaliona lile bomba linatiririka...

Nikaanguka chini!

Haki ya Mungu, kichwani kwangu hajapata kupanda hata mbu. Ila nimekua naona pepo wa mama. Nikatetemeka mabega, nikakoroma, nikatoa sauti nzito mpaka mwenyewe nikajiogopa. Watoto wakakimbia. Mama mmoja mtu mzima akanisogelea na chetezo cha ubani.

"Nani weye?"

"Mwenye nyumba!"

"Karibu bwana. Wataka nini? Marashi? Halua?"

"Sitaki halua! Namtaka Batuli!"

Sahani ikaanguka mkononi mwa mtu.

"Alikopa jina langu kumdanganya mwenye kidonda! Kanisingizia maiti! Mguu uliokatwa ni deni lake... nimekuja kuudai! Nitachukua upi, wa kulia au wa kushoto?"

Batuli akapiga magoti akashika miguu yake yote miwili. "Nisamehe bwana! Ni kweli nilisema uongo, niliitaka nyumba tu! Nisamehe!"

Mbele ya watu wote! Kwa kinywa chake! Nikiwa pale chini, jicho moja nimelifumbua kidogo, niliuona uso wake... Wallahi sijapata kula kitu kitamu kama kile. Siku hiyo hiyo alitoka na magodoro juu ya guta la mizigo, mtaa mzima umesimama vibarazani. Wateja wamemhama. Akipita Makorora wanamuuliza, "Mguu wa kulia au wa kushoto?" Na mie nikisikia, nacheka. Sioni aibu kuliandika hilo. Nacheka mpaka leo.

Ila siku ile kuna mtu mwingine aliyekuwa pale. Bi Tatu. Katika kukimbia alianguka kizingitini, wakambeba. Alikuwa hajui lolote la uongo wa mwanawe. Amerudi Mwera, na naambiwa halali peke yake, taa ikizimika anapiga ukunga wa hofu. Yule aliyemlisha mama yangu uji... Hapo ndipo kicheko hunikatika.

Na bado. Baada ya muda akaja Mama Neema hadi Makorora, kwa kuwa bondeni tulikuwa tumepakimbia na sasa tumejibana sote kwa mama mdogo. Amenyoosha funguo mkononi. Nyumba tupu, akasema, hakuna anayethubutu kuikaribia, chukueni bure mkae tu.

Nilipiga vigelegele! Nikamwambia mama, tunahama!

Mama akaivuta kanga yake. "Pale? Jini lenyewe limesema kwa kinywa chako, mwanangu."

Nikampigia magoti, nikamweleza ukweli wote. Kwamba niliigiza. Kwamba hakuna jini, hajapata kuwepo. Mama alinisikiliza kwa huruma, akanishika shavu.

"Ndivyo wanavyosema wote wakishashukwa na pepo, mwanangu. Mtu hakumbuki kitu."

Nikaapa. Nikalia. Nikamleta Mama Neema amweleze. Mama mdogo naye akaunga mkono upande wa mama, na mtaa mzima ukasema vile vile... jini la Mwahako limethibitishwa, limesikika na watu wazima wenye akili zao. Lile la Batuli lilikuwa umbea tu. La kwangu ndilo walilolisadiki!

Funguo nikamrudishia mwenyewe. Nyumba imefungwa, uwanja umeota majani. Mama yuko hapa ninapoandika, kwenye godoro, gongo lake la kutembelea limeegemea ukuta, na chumba hakina hata pa kulipitishia.

Batuli sijamsamehe. Mkiniambia nimsamehe, nirudishieni kwanza alichonichukulia, halafu tuzungumze.

Lakini nyie mnaohamisha wazazi na wadogo zenu, nawashika miguu! Mkipata mtaa mzuri, fungeni midomo mpaka mmeingiza kitanda. Mkiambiwa neno baya juu ya nyumba, msione muhali, rudini kwa mwenyewe mkamuulize usoni mwake. Na atakayewadanganya, msimlipe kwa uongo wake mwenyewe, maana hamtajua uongo huo utalala kwa nani. Mwenye nyumba akinuna, mwacheni anune, siku mbili tatu atacheka. Mguu ukikatwa hauoti.