Mkono wa Mtu

Kabla hajafika shuleni, Bi Hewa huwa ameshachoka. Ameshateka ndoo sita za maji, ameshawaogesha wadogo zake mapacha, na mama yake, muuguzi wa zamu, bado hajarudi kutoka hospitalini. Tena saa nane mchana, wenzake wakipumzika, yeye huvuka uwanja mzima hadi kwenye kisanduku cheupe chenye matundu, akasoma kipimajoto na kuandika katika daftari la darasa la sita. Ndiyo maana wanafunzi wenzake wakamwita Bi Hewa. Daftari hilo lina miaka kumi na moja, na kila darasa hulirithisha darasa linalofuata. Dada yake mkubwa aliwahi kuliandika, hata siku za mvua, na kurasa zake bado zina madoa ya maji.

Jumatatu moja miguu ilikataa. Bi Hewa akachomoa kipimajoto, akakitundika kwenye msumari nyuma ya jiko la shule, hatua kumi tu kutoka darasani.

"Joto ni joto," alijiambia. "Kwani hewa ya huku si ndiyo ya kule?"

Wiki mbili baadaye, mwalimu wa sayansi alifungua daftari mbele ya darasa, akakunja uso.

"Nyuzi ishirini na tisa, ishirini na tisa, kisha ghafla thelathini na tatu, siku kumi za shule mfululizo! Kesho mtaalamu wa hali ya hewa anakuja kunakili daftari hili. Atatuuliza sababu. Haya, semeni."

"Jua limeongezewa moto, mwalimu!" alidakia Domo, mvulana asiyejua kunyamaza.

"Nguvu ya jua hubadilika kidogo sana, tena polepole. Hairukishi joto nyuzi nne kwa siku moja."

"Basi volkano!"

"Volkano ikilipuka kwa nguvu, hewa yake chafu hupanda juu ikakinga jua. Dunia hupoa kwa mwaka au miwili, haichemki."

"Moshi wa magari na viwanda," alisema msichana wa dawati la mbele.

"Huo kweli unaipasha dunia joto, kama mtu anayeongezewa blanketi. Lakini ni kazi ya miaka mingi. Haukuanza Jumatatu."

Domo akatoa macho, akanong'ona kwa sauti ya kutisha, "Basi hapa kuna mkono wa mtu!"

Darasa likaangua kicheko, maana maneno hayo husemwa na watu wanaoshuku uchawi. Bi Hewa peke yake hakucheka. Alitazama meza. Akinyamaza, kesho uongo wake utanakiliwa pamoja na ukweli wa miaka kumi na moja, pamoja na hati ya dada yake. Akisema, ataadhirika. Aliona aibu, na alikuwa amechoka hata kuogopa.

"Ni kweli, mwalimu," alisema. "Mkono wenyewe ni wangu. Nilikihamishia kipimajoto nyuma ya jiko."

"Lo! Kumbe tumepima joto la sufuria!" Domo akasema.

Mwalimu hakucheka. Darasa zima lilivuka uwanja, likarudisha kipimajoto kisandukuni, likangoja robo saa. Nyuzi ishirini na tisa.

Bi Hewa alichukua kifutio, mwalimu akamzuia. "Usifute. Piga mstari, uandike sababu."

Akaandika: *Kipimajoto kilihamishwa. Kosa ni langu.* Machozi yakamtoka. "Nilichoka, mwalimu."

"Ungesema, mwanangu. Kuchoka si aibu, kuficha ndiko kulikotuponza. Kuanzia kesho mtapokezana na Domo."

"Mimi tena?"

"Wewe. Mwenye mdomo hakosi miguu."

Kisha mwalimu akawageukia wote. "Mmeona tulivyofanya? Tumeanza na jua, tukaenda kwenye volkano, mwisho tukamfikia mtu. Wataalamu nao wamefanya hivyo kwa dunia nzima. Walikagua vipimo vyao, wakapima jua, wakachunguza volkano. Vyote havikutosha kueleza joto linaloongezeka. Walichokikuta ni moshi wetu na misitu tunayokata. Hapo pia kuna mkono wa mtu, wala si uchawi. Ila wengi wetu bado tunatazama meza."

Akamwekea Bi Hewa mkono begani.

"Jua haliwezi kusema 'ni mimi,' wala volkano haiwezi. Mtu anaweza, na akishasema, mkono ule ule uliohamisha ndio utakaorudisha."

Bi Hewa alifunga daftari. Miguu ilikuwa bado inauma, lakini alilibeba mwenyewe hadi darasani.