Kopo Jeusi la Land Rover ya Mzee Novatus

Gari halikuwa na betri wala tone la mafuta, lakini lilikuwa linapumua.

Theonest alilisikia akiwa amelala chali chini yake, anakaza nati ya mwisho. Ilikuwa pumzi ndefu, nzito, iliyotoka kwenye injini ikaishia karibu na sikio lake. Alitambaa akatoka, akajifuta mikono, akajiambia ni upepo wa malori yanayoshuka kwenda Rusumo. Barabarani hapakuwa na lori hata moja.

Kasulo nzima ilimjua Theonest kuwa fundi asiyeshindwa na kitu, na mwenyewe alihakikisha hakuna anayesahau. Ndiyo maana Mzee Novatus, afisa mstaafu wa kule Mbuba, alimletea Land Rover ya marehemu baba yake, ya miaka ya sitini, akitaka irudi kama ilivyotoka kiwandani, na vifaa vyake vyote vya asili. Mzee alikuwa na tabia ya kuketi pale gereji, injini ikiwa imefunguliwa na vifaa vimepangwa juu ya turubai, akigusa kimoja kimoja kwa fimbo na kuuliza kazi yake. Theonest alijibu vyote kwa mbwembwe, mpaka fimbo ilipofika kwenye kopo dogo jeusi la chuma, lenye waya zilizosokotana ndani, lililokuwa limekaa juu ya injini.

Hakulijua. Wapita njia walikuwa wamesimama wanasikiliza, na uso ukamwaka moto.

"Hilo ni la nchi za baridi, Mzee," alisema. "Huku kwetu halina kazi."

Mafundi wengi wa barabara ile hulitumia jibu hilo, na mara mojamoja lina ukweli kidogo. Mzee akaridhika. Theonest akaziba kwa bati tundu lilipokaa kopo, akaligongomea likakazika, na kopo lenyewe akampa binti yake Iteka achezee.

Jioni ile ile ya pumzi, Iteka akaanza kubanwa kifua. Rozalia, mama yake, alidhani ni vumbi la barabara. Zahanati walimpa dawa, padri akamwombea, na mtoto akazidi kudhoofika. Ni Rozalia aliyegundua, akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni uliotazamana na gereji, sikio moja ndani na jingine nje. Gari lilipovuta pumzi, mtoto aliishiwa. Gari liliposhusha, mtoto naye alishusha, na kinywani mwake mukatoka harufu ya oili iliyoungua.

"Baba Iteka," alinong'ona, "hilo gari umelifanya nini?"

Theonest alisema hajalifanya kitu. Alisema hivyo huku anatazama ukuta, na tangu hapo hakuweza kumtazama mkewe usoni. Alijua kabisa alichofanya. Kumbe kusema "sijui" ni kazi ngumu kuliko kushusha injini nzima peke yako.

Bi Niragira, mganga wa Keza, aliletwa na pikipiki adhuhuri, mvua ikinyesha. Uwani watu walikuwa wamejaa: majirani, madereva, na Mzee Novatus na fimbo yake. Theonest alimwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba bila kumtazama. Akaenda moja kwa moja kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akakaa hivyo kitambo.

"Humu mna mwenyeji," alisema kwa sauti ya chini. "Kaishi humu tangu gari likiwa jipya, hana ubaya na mtu. Alikuwa na mahali pa kutolea pumzi. Pamezibwa, sasa anatumia kifua cha mtoto. Aliyeziba aseme kwa nini aliziba, mbele ya watu hawa. Asidanganye."

Theonest aliwatazama wale watu. Hapakuwa na hata mmoja ambaye hajawahi kumwita bingwa.

"Lile kopo lilikuwa limeoza," alisema. "Nikaona heri nilitoe."

Ndani ya gari kitu kikavuta pumzi, kikavuta, hakikuacha kuvuta, mabati ya bodi yakaanza kulia na vioo kutetemeka, na harufu ya oili ikajaa uwani mpaka watu wakaziba pua kwa kanga na kofia, na mikononi mwa Rozalia Iteka akajinyoosha, midomo ikageuka rangi, macho yakamtoka, akimwangalia baba yake kana kwamba yeye naye anangoja jibu.

"Sikujua!" Sauti ilimtoka Theonest ikiwa imepasuka. "Sikujua lile kopo ni la nini. Niliona aibu kusema mbele yenu. Nikadanganya."

Alichukua nyundo na patasi, akalibandua bati huku analia. Pumzi ilimpiga kiganjani, ya moto, yenye mafuta, na ndipo alipoelewa kazi ya kopo. Injini ikifanya kazi hujaza hewa chafu tumboni mwake, na hewa ile lazima ipate pa kutokea. Ilikuwa ni hivyo tu, jambo ambalo angeweza kumuuliza fundi mwenzake yeyote.

Iteka alikohoa, akapumua, akaomba maji. Rozalia akampeleka ndani.

Theonest alibaki amesimama, uso chini, anangoja wamcheke. Alitamani wamcheke. Hakuna aliyecheka. Mwishowe Fideli, dereva anayepeleka ndizi Biharamulo, alisogea mbele, kofia mkononi.

"Fundi," alisema polepole, "mke wangu kifua kinambana tangu Pasaka. Kwenye gari langu ulitoa kidude fulani, ukasema ni cha nchi za baridi. Kilikuwa cha nini?"

Theonest alijaribu kukumbuka. Hakukumbuka hata kilivyokuwa. Alipoinua macho amwambie, aliona nyuma ya Fideli amesimama jirani yake Agness, mkono kifuani, na nyuma ya Agness yupo Matiasi aliyembeba mama yake mgongoni, na wengine walikuwa bado wanaingia getini.