Zamu ya Mgeni

Kadi za mgeni zilikuwa na joto.

Mhakiki alilihisi mchana kweupe, alipoziokota mbele ya kiti kitupu ili amchezee. Kazi yake ilikuwa kupima michezo ya mezani kwa ajili ya gazeti, na huu ulikuwa toleo jipya la ule mchezo maarufu wa kujenga makazi na kubadilishana mali. Safari hii ulivikwa sura ya majini na mapepo: badala ya mbao, matofali na ngano, kadi zilikuwa za usingizi, kivuli, pumzi na sauti. Ulitaka watu wanne, nao walikuwa watatu, yeye, mkewe na mama mkwe. Akafanya kama alivyozoea wachezaji wakipungua. Alivuta kiti cha nne, akakigawia kadi, akatania, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Mtu mzima analipwa kucheza," mama mkwe alimcheka, "na bado anatafuta msaidizi."

"Kazi ni kazi, mama."

Hakuwa na upendeleo, na alijivunia hilo. Kiti kitupu alikichezea kwa akili zake zote, hata kama ni kumuumiza mkewe. Zamu ya mgeni ilipofika, aliona wazi kwamba kinachomfaa ni sauti, na sauti alikuwa nayo mkewe. Kanuni ziliruhusu kunyang'anya. Akaichomoa mkononi mwake, akaiweka mbele ya kiti.

"Haya, mume wangu," mkewe alianza huku akicheka, "yaani unaninyang'anya mimi kwa ajili ya..."

Kicheko kikakatika. Midomo iliendelea kwenda, koo likatetemeka, lakini hakikutoka hata kikohozi. Walidhani anafanya mzaha. Kisha harufu ya nywele zilizoungua ikajaa sebule, na kile kiti kikajisogeza taratibu hadi kwenye meza, kama mtu anayejiweka sawa kwa chakula.

"Mkwe wangu," mama mkwe alinong'ona, "mrudishie mwanangu kadi yake."

Alijaribu. Aliivuta kwa vidole, akaivuta kwa mikono miwili, akaukita mguu kwenye meza na kuvuta huku jasho likimtiririka, na mkewe akivuta naye, na mama mkwe akiomba Mungu kwa sauti ya chini, na kadi isitikisike, kama imeota mizizi ndani ya mbao.

Mama mkwe alitoka mbio, akarudi na mganga. Mganga alifika mlangoni, akavua viatu, akanusa, akakataa kuvuka kizingiti.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi," mhakiki alisema. "Lakini ulikuwa mzaha tu."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Jini aliyevamia namtoa. Aliyeitwa na mwenye nyumba, sina neno la kumwambia."

Akavaa viatu, akaondoka.

Mhakiki alirudi kukaa. Alimpa mgeni usingizi wake, akampa kivuli, akampa pumzi, chochote, bora mkewe aseme hata neno moja. Kila kadi ilisukumwa na kurudi kwake. Mkewe alimshika mkono, machozi yakimtoka kimya kimya, naye akalia pia, kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya.

Simu yake ikaita. Alikuwa mhariri wake.

"Bwana, nilikukosa, nikampigia mkeo. Ameusifia huo mchezo mpaka basi!"

Mhakiki alimtazama mkewe, ambaye hakuwa ameondoka ubavuni pake. Simu ya mkewe ilikuwa mezani, mbele ya kile kiti, kioo chake kinawaka.

"Anasema utamu wake ni watu wakiwa wengi," mhariri aliendelea. "Ametukaribisha. Niko hapo nje na wanangu."

"Usiingie!" mhakiki alipiga kelele, akikimbilia mlangoni. "Nakuomba, rudi na watoto!"

"Acha utani wako. Mbona mkeo anatuita?"

Aliisikia naye, kutoka barazani, ile sauti aliyoipenda tangu siku ya kwanza.

"Karibuni, wanangu, karibuni. Mlango uko wazi."

Nyuma yake, sebuleni, viti vingine vikaanza kuvutwa.