Sahihi ya Mwonja Kahawa

Wellars, mwonja kahawa, alikutwa amelala kifudifudi kando ya rundo la magunia ya kahawa, kisogo kimepasuka. Damu ilikuwa bado mbichi. Inspekta Mbabazi, aliyekulia Tanzania na asiyejua kutulia hata kanisani, alilizunguka ghala lile la Gisenyi mara mbili kabla ya kumwuliza mtu chochote.

"Alianguka toka juu, afande," alisema Gasana, mwenye ghala na rafiki wa marehemu. "Asubuhi alionja kahawa, akasaini cheti mbele yangu. Bon, basi, mi nikapeleka karatasi benki. Kurudi, mutu iko chini."

Cheti hicho ndicho kilichobeba biashara nzima. Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa amefungua barua ya dhamana: benki italipa karatasi zikitimia, na cheti cha ubora kiwe na sahihi ya mkono wa Wellars mwenyewe. Benki haifungui magunia, inasoma karatasi tu. Malori yalikuwa yameshaondoka na shehena, likabaki rundo lile moja.

Mbabazi alifungua gunia. Harufu ya kahawa iliyoota ukungu ikampanda puani.

Mlangoni Mukeshimana, mjane wa Wellars, alimshika mkono. "Afande, watu wanasema bwana yangu alikula rushwa. Uongo! Yeye hasaini bila kuonja. Watoto yangu watabeba jina gani?"

Swali hilo lilimuuma Mbabazi kuliko maiti. Alipiga simu benki, kisha mpakani, akienda huku na huko kama kuku anayetaka kutaga. Benki walipokea karatasi mara tu walipofungua milango. Mpakani walisema Wellars alivuka mchana, akitoka Goma alikoenda jana kumzika shangazi yake.

Akamrudia Gasana.

"Alisaini lini?"

"Leo asubuhi, afande."

"Asubuhi alikuwa Goma. Alisainije?"

"Ni sahihi yake! Uliza benki!"

"Najua ni yake. Ndiyo maana nauliza."

Gasana alikaa juu ya gunia. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho.

"Aliniachia cheti kitupu, sahihi iko chini," alisema. "Alikuwa anaenda kilio; akisafiri tulifanya vile siku zote, malori yasichelewe. Aliniamini. Kahawa ikanyeshewa. Bila cheti benki hailipi, nyumba yangu inauzwa kwa deni."

"Na aliporudi?"

"Akasikia harufu. Akasema, twende benki, narudisha jina yangu. Akanigeuzia mugongo. Nikakamata chuma ya mizani."

Mbabazi alimfunga pingu, akaipigia benki simu isilipe. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini mjane alikuwa bado mlangoni.

"Alisaini?" Mukeshimana aliuliza.

"Alisaini, mama. Bila kuonja. Alimwamini rafiki yake. Ameuawa akienda kuifuta sahihi hiyo."

Mjane alilia kwa muda mrefu, kitenge usoni. Kisha akajifuta.

"Bon," alisema. "Watoto nitawaambia yote mbili."