Kiharusi cha Mzee Abrahamu

Kikombe kiligonga kisahani gizani. Ngo, ngo, ngo. Rozi, aliyekuwa akichochea moto kabla hakujapambazuka, alidhani mumewe anakoroga chai. Sauti ikakatika. Alipoingia na tochi, Mzee Abrahamu alikuwa sakafuni, jicho moja wazi, chai imemlowesha kifua. Hakuamka tena.

Kufika saa tatu asubuhi, ukoo pale kijijini Ruanda ulikuwa umeshahukumu. Rozi alikalishwa nje, kando ya banda la kuku, asimsogelee marehemu.

"Chai alipika yeye," Jairo, mdogo wa marehemu, alimwambia Inspekta Raudha. "Mchunguzeni. Mtoto tutamlea wenyewe."

Mlangoni, Yunisi wa miaka mitano alimchungulia mama yake. Raudha akaagiza mwili upelekwe kuchunguzwa.

Majibu yalitoka kesho yake.

"Hakuna sumu, afande," daktari alisema. "Damu imevuja kwenye ubongo. Na kuna kovu: hata kiharusi chake cha mwaka jana kilikuwa cha kuvuja. Nani alimwandikia aspirini kila siku? Hiyo inazuia damu kuganda. Kwa mgonjwa kama huyu ni kumwongezea hatari."

Raudha akaenda kituo cha afya alikotibiwa mzee, Tunduma. Jalada likaletwa. Juu yake, msimbo wa ugonjwa: I63, kiharusi cha damu kuganda. Ndani, ukurasa wa daktari ulikuwa umechanwa. Kipande kilibaki kwenye pini.

Karani wa misimbo, Masudi, alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Mganga wa kliniki alisoma msimbo huu wa juu tu, ndipo akatoa aspirini?"

"Ndiyo, afande."

"Nani aliuandika?"

"Mimi."

"Picha ya kichwa ilipigwa wapi?"

"Hapa mashine hatuna. Mpaka Mbeya."

"Mzee alikwenda?"

"Hakwenda."

"Sasa hiyo damu iliyoganda uliionaje, ndugu yangu? Una macho ya eksirei?"

Masudi alivuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko wa daktari: *Kiharusi. Aina haijulikani. Apelekwe Mbeya.*

"Nilitakiwa niandike I64, aina haijabainishwa," alisema. "Lakini I64 zikizidi, fomu zinarudishwa, jina langu linabandikwa ubaoni. Wakaniita Bwana Haijulikani. Hata mama wa chai: 'Bwana Haijulikani, leo ya maziwa au nayo haijulikani?' Nikachoka kuchekwa. Nikaandika I63, kile kinachowapata wengi. Niliposikia mzee amekufa, nikachana ukurasa."

"Mbona hukuuchoma?"

"Kila nikiwasha kibiriti, namsikia dirishani. 'Hujambo, mwanangu.' Ndivyo alivyonisalimia kila siku ya kliniki."

Raudha hakugeuka kulitazama dirisha.

"Kuna mama amekalishwa nje siku ya pili, karibu anyang'anywe mwanawe," alisema. "Kwa sababu wewe uliogopa kuchekwa."

Masudi akanyoosha mikono kabla hajaombwa. Pingu zikalia.

Jioni ile, jeneza likiwa limesharudi sebuleni, Raudha aliwasomea waombolezaji ripoti, neno kwa neno. Jairo aliinama, akawa anaizungusha kofia yake mikononi. Hakuna mtu mzima aliyenyanyuka kwenda kumwita Rozi.

Yunisi ndiye aliyepenya katikati ya miguu ya wazee, akatoka mpaka bandani, akamshika mama yake mkono.

"Mama, twende tukamwone baba."