Sauti ya Falonne

Mchana Josaphat alibeba abiria kwa pikipiki mitaani Bulengera. Jioni alifundisha karate. Alikuwa mtu mwema, ila dawa yake ilikuwa moja tu. Pikipiki ikikataa kuwaka, aliipiga teke. Mwanafunzi akishindwa, alimpa adhabu ya pompes, kujiinua sakafuni kwa mikono.

Falonne, binti wa marehemu dada yake, aliishi kwake tangu mwaka jana. Nyumbani alimwita tonton, yaani mjomba, mazoezini maître, mwalimu. Ngumi zake zilikuwa safi, lakini alipiga kimyakimya. Na waamuzi wa karate hawakutoa alama kwa pigo lisilo na ukelele.

"Pandisha sauti, Falonne."

"Haitoke, maître."

"Kichwa nguvu. Fanya pompes. Kama haitoke, ku mashindano ya Beni hauendi."

Falonne akazifanya bila neno, bila chozi. Siku zilizofuata chakula kilimshinda. Kisha akasema anaacha karate, kitu pekee alichokuwa bado anakipenda.

Jirani yao Tamar, muuguzi, akamwita Josaphat kando.

"Papa Josaphat, siku bauaji balifika kwabo Mutwanga, mama ya Falonne alimuambia nini?"

Josaphat akatazama chini. Nyumbani hawakuwahi kuligusa jambo hilo.

"Alimuficha chini ya kitanda. Akamuambia anyamaze."

"Akanyamaza, akapona. Sasa weye unamupa punition juu ya kitu chenye kilimuokoa."

Josaphat aliona aibu.

"Donc nifanye je?"

"Usimulazimishe. Umuambie uko naye, hata akishindwa. Na mukuye bote babili ku centre de santé. Kuko mama mwenye anasikilizaka batu benye baliona vita. Hata weye ulipotezaka dada."

Wakaanza kwenda kituo cha afya kila wiki. Wiki nyingine walirudi wamenuna. Lakini adhabu zilikwisha, na Falonne akarudi mazoezini.

"Sauti itakuya ao haitakuya," Josaphat alimwambia. "Miye niko hapa."

Huko Beni, Falonne alishindwa. Ila pigo lake la mwisho lilitoka na sauti, nyembamba na yenye mikwaruzo. Mwamuzi akampa alama. Ilikuwa hiyo moja tu.

Alipomfikia Josaphat kando ya uwanja, aliangua kilio, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mama yake. Watu wakageuka kutazama. Neno "nyamaza" lilikuwa tayari mdomoni mwa Josaphat. Akalimeza, akamshika mkono, akaketi naye mpaka alipomaliza kulia.